Protini ya BACH1, vidonge vya vitamini na kusambaa kwa saratani ya mapafu: naomba tuelimishane

#1 Mpwa wa Ilala
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linalonisumbua kwa wiki ya tatu sasa, na ningependa wenye ujuzi wanisaidie kulielewa kabla sijalipeleka kwenye kikao cha familia siku ya Jumapili.

Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 61, aligundulika kuwa na saratani ya mapafu mwezi Machi na anaendelea na matibabu hapa Dar es Salaam. Tangu habari hiyo ienee, kila ndugu anayekuja kumjulia hali anakuja na kichupa: huyu vitamini E, yule vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji, mwingine unga wa mlonge. Sasa nimesoma kwamba mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi, wakiongozwa na Martin Bergo, walionyesha kwamba kwa panya wenye saratani ya mapafu waliopewa vitamini E kwa muda mrefu, ugonjwa ulisambaa zaidi kuliko kwa wale ambao hawakupewa, na kwamba chanzo chake ni protini moja inayodhibiti jeni, iitwayo BACH1.

Je, protini hiyo inafanyaje kazi? Na je, inawezekana kwamba sisi wenyewe, kwa mapenzi yetu, ndio tunaousaidia ugonjwa wa mjomba utembee?

#2 Binti Hadubini
Pole kwa kuuguza. Mimi ni mteknolojia wa maabara, si daktari, kwa hiyo nitaeleza utaratibu tu.

Kila seli ya mwili wako ina DNA ile ile, lakini seli ya ini haifanyi kazi ya seli ya pafu kwa sababu kuna protini maalumu zinazoikalia DNA na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. BACH1 ni mojawapo. Kwa kawaida haidumu sana: hushikwa na hemu, yaani ile molekuli yenye chuma ambayo ndiyo pia inayoipa damu wekundu wake, kisha huvunjwavunjwa. Hemu huru ikiwa nyingi ndani ya seli, BACH1 hupungua. Ikiadimika, BACH1 hubaki na kuendelea kutoa amri.

Seli ya saratani huishi katika msukosuko wa kikemikali, yaani molekuli za oksijeni zenye fujo zinazoharibu kila kilicho karibu. Vitamini E hutuliza fujo hiyo, na ndiyo maana huitwa antioksidanti. Kumbe fujo ikitulia, hemu huru nayo hupungua, BACH1 inabaki hai, na inaamsha jeni za vimeng'enya vya kuchoma sukari, hasa heksokinasi 2. Seli huvuta sukari kwa wingi, hutoa asidi ya laktiki, na hupata nguvu ya kuhama. Watafiti walipoizuia BACH1, vitamini hazikuongeza tena kusambaa. Walipoiongeza BACH1 bila kutoa vitamini yoyote, ugonjwa ulisambaa vilevile. Jaribio hilo la pili ndilo lililonishawishi, kwa sababu linaonyesha kwamba protini yenyewe inatosha.

#3 Kaka wa Mbagala
Mbona jambo hili ni la zamani? Wafini walishalithibitisha mwaka 1994. Waliwapa wavuta sigara vitamini E na saratani ya mapafu ikaongezeka kwa asilimia 18. Mjomba aache vidonge leo hii, hakuna haja ya kikao.

#4 Mfuatilia Takwimu
Kaka wa Mbagala, hapo umepanda daladala isiyo yako. Utafiti wa Ufini ulihusisha wanaume wavuta sigara 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, na waligawanywa katika makundi: wapo waliopewa beta-karotini (ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), waliopewa vitamini E, waliopewa vyote viwili, na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ongezeko la asilimia 18 lilionekana kwa waliopewa beta-karotini. Kwa vitamini E, idadi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu haikubadilika kwa namna ya kutajika.

Marekani nao walikuwa na jaribio lao la watu 18,314, wavuta sigara pamoja na waliofanya kazi na asbestosi, ambao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Lilisimamishwa mwezi Januari 1996, kabla ya muda wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28.

Majaribio hayo mawili yaliuliza nani atapata saratani. Mpwa wa Ilala anauliza kuhusu mtu ambaye tayari anayo, na kama itasambaa. Hayo ni maswali mawili tofauti, na jibu la moja haliwezi kuazimwa kwa lingine.

#5 Kaka wa Mbagala
Nimekubali sahihisho, ahsante. Lakini naomba uniruhusu niulize: kama kwa binadamu vitamini E haikuonyesha madhara, kwa nini tuwaamini panya?

#6 Mfamasia Kariakoo
Suala la kipimo linaweza kujibu sehemu ya swali lako. Wafini walitoa miligramu 50 za vitamini E kwa siku. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 15, ambazo mlo wenye karanga, mbegu na mafuta ya alizeti unaweza kuzitoa. Sasa kidonge laini cha uniti 400, ambacho wateja wangu hukiulizia kuliko vingine vyote, kina zaidi ya mara kumi ya mahitaji hayo. Mtu anakimeza kila siku kwa miezi, akiamini kwamba kitu kikiwa vitamini hakiwezi kuzidi.

Liko jambo jingine ambalo halijatajwa. Katika utafiti ule wa 2019 hawakutumia vitamini E peke yake. Walitumia pia N-asetilisisteini, ambayo sisi tunaiuza kama dawa ya kulainisha makohozi, na ambayo hospitalini huokoa maisha ya mtu aliyezidisha parasetamoli. Ni dawa nzuri. Lakini fikirini ni nani anayekuja dukani akiwa na kikohozi kisichokwisha. Tangu niliposoma habari hizi, mteja anayerudi mara ya tatu kwa dawa ya kikohozi simpi kabla sijamuuliza kama amepigwa picha ya kifua.

#7 Mama Tabata
Shikamooni wakubwa. Ninaheshimu elimu yenu, lakini naona mnaiangalia protini na kuusahau muda.

Marehemu mume wangu alikohoa kwa mwaka mzima. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, alianzishiwa dozi ya kifua kikuu bila vidudu kuonekana kwenye makohozi, akaimaliza miezi sita, akaambiwa ana nafuu. Kikohozi kiliporudi akaanzishiwa tena. Ni baada ya kuanza kulalamika maumivu ya mgongo ndipo daktari mwingine alipoagiza picha ya CT, na ikaonekana kwamba saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Hakuwahi kumeza kidonge hata kimoja cha vitamini. Kilichoisambaza saratani yake ni miezi kumi na minne ya kutibiwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Ningeomba wanaoandika hapa walitie hilo kwenye mizani.

#8 Mpwa wa Ilala
Marahaba siwezi kuitikia kwako, mama, mimi ndiye mwenye kukuamkia. Pole sana kwa msiba. Mjomba naye alitibiwa kifua kikuu mara moja kabla ya kupelekwa kufanyiwa kipimo cha kinyama, yaani kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kikachunguzwe maabara.

#9 Mwanafunzi wa Upanga
Pole sana, Mama Tabata. Kisa chako hakipingani na hoja ya protini. Muda huipa saratani nafasi, na ndani ya nafasi hiyo seli moja kati ya mamilioni hupata uwezo wa kuhama. Sisi tunauliza uwezo huo unatoka wapi.

Mwaka huo huo wa 2019 kundi jingine, la Michele Pagano katika Chuo Kikuu cha New York, lilifika kwenye BACH1 kwa njia nyingine kabisa. Wao walianzia kwenye jeni za saratani zenyewe. Takriban asilimia 30 ya saratani za mapafu za binadamu zina mabadiliko katika jeni ya KEAP1 au ya NRF2. Kazi ya KEAP1 ni kuizuia NRF2 isizidi. KEAP1 ikiharibika, NRF2 hupanda na kuamsha ulinzi wa seli dhidi ya ile fujo ya oksijeni. Sehemu ya ulinzi huo ni kimeng'enya kinachovunja hemu. Hemu ikivunjwa, protini nyingine iitwayo FBXO22, ambayo kazi yake ni kuipeleka BACH1 ikavunjwe, haiwezi tena kuitambua. Matokeo ni yale yale aliyoyaeleza Binti Hadubini.

Kwa hiyo karibu theluthi ya saratani hizi hujitengenezea antioksidanti zenyewe kwa wingi, wala hazihitaji kichupa cha ndugu yeyote. Huenda mume wa Mama Tabata alikuwa na saratani ya aina hiyo.

#10 Mfuatilia Takwimu
"Huenda" hiyo naomba tuiache. Hatuna kipimo chake cha jeni, na si haki kwa mjane kumpa maelezo tusiyoweza kuyathibitisha.

#11 Mwanafunzi wa Upanga
Ni kweli. Samahani, mama.

#12 Binti Hadubini
Kabla BACH1 haijatwaa uzi wote, nizungumzie protini ambayo mimi naishughulikia kwa mikono yangu. Katika karatasi ya majibu ya patholojia ya mjomba, yawezekana kuna mstari ulioandikwa TTF-1. Jina lake lingine ni NKX2-1. Nayo ni protini inayodhibiti jeni, na ndiyo inayoifanya seli ya pafu iwe seli ya pafu: huamuru kutengenezwa kwa protini za ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kushikamana. Tunaipaka rangi kwenye kinyama ili kujua kama saratani iliyokutwa ubongoni au kwenye ini ilianzia kwenye pafu.

Mwaka 2011 kundi la Tyler Jacks, katika chuo cha MIT huko Marekani, lilionyesha kwamba katika panya wenye saratani ya pafu, seli zilizopoteza NKX2-1 ndizo zilizosambaa. Seli ilisahau kuwa ni ya pafu, na protini nyingine iitwayo HMGA2, ambayo kwa kawaida hufanya kazi wakati mtoto yumo tumboni, ikaamka tena. Kwa hiyo kuna maelezo ya pili ambayo hayahusu sukari wala hemu: saratani husambaa pale inaposahau asili yake.

#13 Mwalimu Kigamboni
Binti, hapa nimekwama. Nilipokuwa kwenye feri leo asubuhi nimesoma kwamba katika baadhi ya wagonjwa jeni hiyo hiyo ya NKX2-1 imejirudia mara nyingi kupita kiasi, na kwamba seli za saratani hiyo hufa zikiinyimwa. Itakuwaje protini moja iwe adui wa saratani na wakati huo huo iwe tegemeo lake?

#14 Binti Hadubini
Swali lako ni zuri, mwalimu, na ni kweli ulichokisoma. Utafiti wa 2007 kwa wagonjwa ulikuta nakala za ziada za jeni hiyo katika sehemu ya saratani za aina ya adenokasinoma, yaani zile zinazoanzia kwenye seli zinazotoa majimaji au utelezi. Mimi naielewa hivi: saratani changa bado inaishi kama seli ya pafu, na inaihitaji protini inayoiongoza seli ya pafu. Saratani inayotaka kuhamia ini au mfupa inapaswa kuachana na utii huo. Protini ni ile ile, ila hatua ya ugonjwa imebadilika. Wapo wanaosema kwamba tofauti inatokana na aina ya mabadiliko mengine yaliyomo kwenye seli, wala si hatua, nami siwezi kuwapinga.

#15 Muuguzi Temeke
Tafadhali tukumbuke pia kwamba saratani ya mapafu si moja. Takriban asilimia 85 ni ya seli zisizo ndogo, na iliyobaki ni ya seli ndogo, ambayo husambaa mapema mno. Kwa hiyo ya pili, msamiati ni mwingine: utafiti wa 2016 kwa panya ulikuta protini iitwayo NFIB, ambayo ikizidi huifungua DNA iliyokuwa imekunjwa katika maelfu ya sehemu kwa mara moja, na jeni zilizokuwa zimefungiwa zikaanza kusomeka. Wapiga mbizi wetu wa BACH1 wajue kwamba panya wa Karolinska walikuwa na saratani inayoendeshwa na jeni ya KRAS, ambayo si ya seli ndogo. Mpwa wa Ilala, karatasi ya mjomba inasema aina gani?

#16 Mpwa wa Ilala
Imeandikwa adenokasinoma, yaani mojawapo ya zile za seli zisizo ndogo, na TTF-1 ipo. Sehemu iliyosambaa ni tezi za katikati ya kifua na pengine tezi moja iliyo juu ya figo.

#17 Kaka wa Mbagala
Basi nimepata wazo. Kama kazi ya BACH1 ni kuivutia seli sukari, mjomba aache sukari, wali na ugali. Saratani ikose chakula.

#18 Muuguzi Temeke
Kaka, nakusihi ushauri huo usimfikie mgonjwa. Ni kweli kwamba seli za saratani huchoma sukari kwa wingi. Otto Warburg aliliona hilo karne moja iliyopita. Lakini mtu akiacha kula, ini lake hutengeneza sukari kutoka kwenye misuli yake mwenyewe, na damu haiishiwi. Anayekonda ni mgonjwa. Wodini nimewaona watu waliokatazwa ugali na ndugu zao wakashindwa kuinuka kitandani kwenda kwenye mionzi, na daktari akalazimika kuahirisha matibabu. BACH1 inabadilisha namna seli inavyovuta sukari; haibadilishi kiasi kilichomo kwenye sufuria ya uji. Mpeni uji, wenye karanga ndani yake.

#19 Mwalimu Kigamboni
Na hemu je? Kama hemu ndiyo inayoivunja BACH1, ndugu wa mgonjwa wakimpikia maini kila siku si watakuwa wamempa dawa?

#20 Mfamasia Kariakoo
Maini ni chakula kizuri, mwalimu, lakini hemu inayoliwa huvunjwa kwenye utumbo, na mwili huchukua chuma chake. Haifiki kwenye uvimbe ikiwa hemu. Wazo lako hata hivyo si la kupuuzwa. Ipo dawa ya hemu inayochomwa kwenye mshipa, ambayo imekuwa ikitumika kwa ugonjwa wa nadra wa porfiria, na mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliitumia kwa panya wenye saratani ya matiti. BACH1 ikapungua na uvimbe ukawa rahisi kuzuiwa na dawa ya kisukari, metformini. Hiyo ni saratani ya matiti, na ni panya. Metformini nayo nauza kila siku, kwa hiyo nasema mapema: mtu asinijie dukani akiitaka kwa ajili ya mapafu kwa sababu ya uzi huu.

#21 Mfuatilia Takwimu
Kuna hoja nyingine inayoidhoofisha BACH1 kidogo. Kundi lile lile la Bergo, mwaka 2014, lilionyesha kwamba antioksidanti hizo hizo ziliharakisha ukuaji wa uvimbe wa pafu kwa panya, na wakati huo maelezo yao yalikuwa tofauti: fujo ya oksijeni ikitulia, DNA haiharibiki sana, na protini mlinzi iitwayo p53, ambayo huamshwa na uharibifu huo, inalala. Yaani uvimbe ulikua kwa kukosa mlinzi. Miaka mitano baadaye, kwa swali la kusambaa, wakaikuta BACH1. Je, ni njia mbili, au ni moja iliyotazamwa kutoka pande mbili?

#22 Mwanafunzi wa Upanga
Nionavyo ni mbili. p53 inahusu kukua, BACH1 inahusu kuhama. Na saratani nyingi za mapafu zimeshaipoteza p53 tangu mwanzo, kwa hiyo kwa hizo maelezo ya 2014 hayana pa kushika, bali ya 2019 yanabaki.

#23 Mfuatilia Takwimu
Ungekuwa sahihi kabisa kama kukua na kuhama vingetenganishwa kirahisi hivyo. Uvimbe mkubwa una seli nyingi za kupeleka. Naona umeruka hatua.

#24 Mama Tabata
Naomba kuuliza kitu kidogo ambacho kwangu ni kikubwa. Unga wa mlonge, ubuyu, juisi ya rosela, maembe: navyo vina hizo antioksidanti. Je, wagonjwa wetu wasile?

#25 Muuguzi Temeke
Wale, mama. Panya wale walipewa kemikali moja au mbili zilizosafishwa, kila siku, kwa muda mrefu. Embe lina mamia ya vitu na kiasi kidogo cha kila kimoja. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri watu wasitegemee virutubisho vya vidonge kujikinga na saratani, na wakati huo huo unahimiza matunda na mboga. Kuhusu mlonge, majani yaliyopikwa kama mboga ni chakula. Vijiko vinne vya unga mara tatu kwa siku ni dawa ambayo hakuna aliyeipima. Na mgonjwa aliye kwenye mionzi ana sababu ya ziada ya kujihadhari na vidonge, kwa kuwa mionzi inaua seli za saratani kwa kutumia fujo ile ile ya oksijeni ambayo vidonge vinaituliza.

#26 Mpwa wa Ilala
Ahsanteni sana. Leo asubuhi nimemsindikiza mjomba kliniki na nikamuuliza daktari wake moja kwa moja. Amesema vidonge vya vitamini E na C visimamishwe, mboga na matunda yaendelee. Nilipomuuliza kama sababu ni BACH1, alisema kwake sababu ya mionzi inatosha.

Imebaki Jumapili. Shangazi ndiye aliyenunua vichupa vile, kwa fedha ya mchezo aliyokuwa akiisubiri tangu mwaka jana. Nitamwambiaje bila kumfanya ajione kwamba amemdhuru mjomba? Na je, ile BACH1 inaweza kupimwa kwenye kinyama cha mjomba, ili angalau tujue?

#27 Mama Tabata
Mwanangu, shangazi mwambie mapema, peke yake, kabla ya kikao. Asisikie mbele ya watu. Mwambie daktari amebadilisha utaratibu kwa sababu ya mionzi, kwa kuwa ndivyo alivyosema daktari. Hayo mengine ya panya mweleze siku atakapouliza mwenyewe.

#28 Binti Hadubini
Kuhusu kipimo: BACH1 haimo kwenye vipimo vya kawaida vya patholojia, na hata ingepakwa rangi, hakuna kiwango kilichokubalika cha kusema hii ni nyingi na hii ni kidogo kwa mgonjwa mmoja. Kinachoweza kupimwa, na kikabadilisha matibabu, ni mabadiliko ya jeni kama EGFR, kwa sababu hayo yana dawa. Kinyama cha mjomba kilihifadhiwa ndani ya nta baada ya kukatwa, na hudumu humo kwa miaka. Mkirudi kliniki, ulizeni kama kipande hicho bado kipo na mwandike namba yake, iliyo juu ya karatasi ya majibu upande wa kulia au karibu na tarehe ya kupokelewa.